Mgonjwa wa Parkinson ajipime nyumbani, na daktari asome daftari lake

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kazi za vidole. Kuna ndizi za kumenya kila siku, kahawa ya kuchambua, mbuzi wa kufungwa kamba, vifungo vya shati la kwendea kanisani. Ndiyo maana ugonjwa wa Parkinson ukiingia nyumba ya huko hujionyesha jikoni na uwanjani kabla haujafika hospitali. Mama aliyezoea kumenya chana nzima huku akipiga soga na jirani, bila hata kutazama kisu, anaanza kuchelewa. Akilaza mkono mapajani, kidole gumba na cha shahada vinasuguana vyenyewe. Mzee aliyekuwa akiandika hesabu za chama cha msingi anakuta mstari wake unaanza kwa herufi za kawaida upande wa kushoto na kuishia kwa herufi ndogo zilizobanana upande wa kulia. Nyumbani wanasema ni uzee. Majirani wanasema ni pombe ya rubisi. Wapo pia wanaomnyooshea kidole mtu wa shamba la jirani, na hapo familia inaanza kutumia pesa kwa waganga badala ya kuitumia kwenye matibabu.

Hoja yangu leo ni moja. Katika wilaya hizi mbili, mgonjwa wa Parkinson na watu wa nyumbani kwake wana uwezo wa kuupima ugonjwa kwa vitu walivyonavyo, na wanapaswa kuanza sasa. Hospitali nayo inapaswa kukipokea kipimo hicho, kukisoma na kukijibu.

Ugonjwa wenyewe unajulikana vizuri. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanzisha na kulainisha mwendo, hufa polepole. Dalili zinapoonekana waziwazi, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa imeshapotea. James Parkinson, daktari wa London aliyeuelezea mwaka 1817, aliegemea watu sita tu, na baadhi yao hakuwahi kuwagusa, aliwaona barabarani. Zaidi ya miaka 200 imepita, na mpaka leo utambuzi wa kawaida wa Parkinson hautegemei kipimo cha damu. Daktari anamtazama mgonjwa, anamsikiliza, anamwambia afumbe na kufumbua vidole, asimame, atembee, ageuke. Kama ugonjwa unatambuliwa kwa kutazama, basi anayetazama kwa muda mrefu zaidi ndiye mwenye ushahidi mwingi zaidi, naye yuko nyumbani.

Tunajua pia kwamba wagonjwa wapo vijijini. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Richard Walker na Catherine Dotchin, pamoja na wenzao Watanzania, walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu 161,071. Wakakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa ugonjwa huo. Utafiti mwingine wa Hai uliotoka mwaka 2011, ulioongozwa na Gerry Mshana wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mwanza, uliwasikiliza wagonjwa na walezi wao na kuonyesha jinsi walivyohangaika kati ya hospitali, waganga wa jadi na maombi.

Hai wana bahati ya kuwa jirani na hospitali ya KCMC. Karagwe na Kyerwa je? Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, ilihesabu watu zaidi ya 653,000 katika wilaya hizo mbili. Ukichukua kiwango cha Hai, yaani wagonjwa 20 kwa kila watu 100,000, unapata wagonjwa wapatao 130, na tangu hapo watu wameongezeka. Ni hesabu yangu ya makadirio, lakini inatosha kunionyesha kwamba hatuzungumzii mzee mmoja wa Nkwenda na bibi mmoja wa Ihembe. Wagonjwa wote hawa wanategemea Nyakahanga, Nyakaiga au Isingiro, hospitali zinazobeba malaria, wajawazito na ajali za bodaboda kwa wakati mmoja. Juu yake kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Bukoba, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kayanga, kisha hospitali ya Bugando, ng'ambo ya ziwa. Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka 2017 kwamba nchi za kipato cha chini zilikuwa na wataalamu wa mfumo wa fahamu wapatao mmoja tu kwa kila watu milioni moja.

Familia ikishauza kahawa, ikapata nauli na kumfikisha mgonjwa kwa bingwa, anapata dakika chache. Na ugonjwa huu una tabia ya kumficha mgonjwa mbele ya daktari. Siku ile ameamka mapema, amemeza dawa njiani, ana wasiwasi wa safari, anajikaza kwa heshima. Daktari anaona mtu anayetembea vizuri kiasi. Hamwoni yule aliyeganda mlangoni jana jioni, miguu imegoma kuvuka kizingiti, mjukuu akimshika kiwiko. Au inakuwa kinyume: safari ndefu imechelewesha dozi, mgonjwa anaingia amekakamaa, anaongezewa dawa asiyoihitaji.

Mtu aliyelieleza jambo hili kwa namba ni Sara Riggare, mhandisi wa Sweden mwenye Parkinson. Alifanya hesabu ya mwaka wake: saa moja hivi mbele ya daktari bingwa, na saa 8,765 akiwa peke yake na ugonjwa. Akaamua kuzitumia hizo saa 8,765. Alikuwa akigonga kioo cha simu kwa vidole mara kadhaa kwa siku, akiandika saa aliyomeza kila dawa, kisha akachora mstari. Mstari ulimwonyesha mashimo: vipindi ambavyo dozi ya mwanzo imeshaisha nguvu na inayofuata haijaanza kufanya kazi. Akayapeleka hayo kwa daktari wake, wakazungumza juu ya ratiba ya dawa wakiwa na kitu mezani. Mwaka 2022 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, kwa utafiti unaohusu wagonjwa kujichunguza namna hiyo.

Najua msomaji wa Omurushaka atasema: huyo ni Mswidi mwenye simu ya gharama. Ni kweli, na programu nyingi za simu za kupima Parkinson zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Lakini tukitazama kilichofanya kazi, tunakuta mambo matatu: kitendo kidogo kinachorudiwa vilevile kila mara, saa, na mahali pa kuandika. Vyote hivyo vipo Kyerwa.

Tuanze na simu ya kitochi. Fungua sehemu ya kuandika meseji, bonyeza alama ya reli mpaka maandishi yageuke tarakimu. Simu nyingi za aina hiyo zinaonyesha pembeni nafasi zilizobaki, zikianzia 160. Mgonjwa anaweka simu mezani, mjukuu anashika saa na kusema "anza", na mgonjwa anabonyeza 4 na 6 kwa kupokezana, kwa kidole kimoja, kwa sekunde 30. Idadi ya nafasi zilizopungua ndiyo idadi ya mibonyezo. Rudia kwa mkono wa pili, kwa sababu Parkinson mara nyingi huanza upande mmoja na kubaki na upande wake. Andika namba zote mbili na saa. Alastair Noyce na wenzake wa London walichapisha mwaka 2014 kipimo kinachokaribiana na hiki kwa kutumia vitufe viwili vya kompyuta na sekunde hizohizo 30. Cha kitochi hakimlinganishi mgonjwa na mtu mwingine, wala hakisemi kama ana Parkinson au hana. Kinamlinganisha na yeye mwenyewe: kabla ya dawa, saa moja baada ya dawa, na muda mfupi kabla ya dozi inayofuata.

Asiyeweza simu ana kalamu. Kila asubuhi na jioni achore mzunguko unaoanzia katikati na kutanuka kuelekea nje kama ganda la konokono, bila kuegemeza mkono mezani, na chini yake aandike sentensi moja ileile, tarehe ikiwa pembeni. Daktari akifungua kurasa za wiki moja ataona mstari laini na mstari uliokwaruzwa, mwandiko uliopanuka na mwandiko uliosinyaa. Mimi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana hakihitaji chaji wala vocha, na hakidanganyi.

Kuna kipimo cha kiti pia, ambacho hospitali za dunia nzima zinakitumia. Mgonjwa ameketi, anainuka, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anaketi. Wataalamu wa Marekani wanahesabu sekunde 12 au zaidi kuwa dalili kwamba mzee huyo yuko katika hatari ya kuanguka. Mita tatu pima kwa kamba mara moja, uweke alama ardhini, na mtu asimame karibu. Mama aliyekuwa hodari wa kumenya anaweza kupimwa kwa ndizi tano za ukubwa unaolingana, muda ukihesabiwa kwa saa ya ukutani, maadamu kisu hakijawa hatari mkononi mwake. Kikishakuwa hatari, hamisha punje 20 za maharage kutoka kikombe hadi kikombe.

Na video. Nyumba isiyo na simu kubwa mara nyingi ina kijana anayekuja likizo nayo. Sekunde 30 za mzee akitembea na kugeuka, na nyingine 30 za mikono yake ikiwa imelala mapajani kisha ikishika kikombe, zinaweza kumsaidia bingwa kutofautisha mtetemo wa Parkinson, ambao kwa kawaida huwa mkali mkono ukiwa umetulia, na ule unaokuja mtu akishika kitu. Hapa naomba jambo moja kwa msisitizo. Video ya mzazi akihangaika kutembea ni siri yake. Asirekodiwe bila kukubali, na isitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndipo daftari linapookoa watu. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, inayotolewa pamoja na kabidopa, na imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Levodopa haikai mwilini muda mrefu. Baada ya saa moja na nusu hivi kiasi chake katika damu kinakuwa kimepungua nusu. Tena inatumia njia ileile inayotumiwa na protini kutoka utumbo hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Zikikutana, dawa inachelewa. Chakula cha Karagwe ni nini? Ndizi na maharage. Mgonjwa anayemeza kidonge cha mchana juu ya sahani ya maharage anaweza kukaa alasiri nzima akidhani dawa imemkataa, na mtoa dawa asiyeuliza atafikiri dozi ni ndogo. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kumeza nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, ingawa anayechefukwa anaweza kuhitaji utaratibu tofauti na ni lazima azungumze na daktari. Bila daftari lenye safu mbili, saa ya dawa na saa ya chakula, hakuna atakayeligundua jambo hilo. Kwa wiki moja ya kuandika, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuliona.

Katika daftari hilohilo ziandikwe habari za choo, usingizi na huzuni, kwa sababu Parkinson haiishii mikononi. Ziandikwe pia dawa zote nyingine. Metoclopramide ya kuzuia kutapika na haloperidol ya magonjwa ya akili huzuia kazi ya dopamini, na zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson au kumzidishia mwenye nayo. Benzhexol, inayotumika kupunguza mtetemo, inaweza kumchanganya akili mzee. Mhudumu wa zahanati akikuta majina hayo yameandikwa ana pa kuanzia.

Wapo madaktari wasiopenda mgonjwa aje na karatasi. Wana sababu zao, na nyingine nazikubali. Mgonjwa anaweza kukosea kuhesabu. Anaweza kujipima kila saa hadi akakata tamaa, kwa kuwa ugonjwa huu unasonga mbele hata ukitunzwa vizuri. Kwa hiyo nasema ajipime wiki moja kabla ya kliniki na wiki moja baada ya dawa kubadilishwa, siku nyingine aishi. Hofu kubwa zaidi ni kwamba mgonjwa mwenye namba atajipandishia dozi mwenyewe. Hapo niko upande wa madaktari bila shaka yoyote. Kupima ni kazi ya nyumbani, kubadilisha dawa si kazi ya nyumbani, na kuacha levodopa ghafla kunaweza kuua.

Nasema hivyo nikijua kwamba upupu unaota kwetu. Mbegu za mmea huo zina levodopa ya kweli. Roberto Cilia na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio walilolifanya Bolivia kwa wagonjwa 18, na unga wa mbegu hizo uliwasaidia. Walipima kila dozi kwa makini, chini ya uangalizi. Mtu wa Bugene anayesaga mbegu alizookota hawezi kujua ndani yake mna miligramu ngapi, na hana kabidopa ya kumpunguzia kichefuchefu. Asijaribu. Lakini serikali nayo isiwaache watu mahali ambapo upupu unakuwa dawa pekee wanayoweza kuipata.

Anayedhani wanavijiji hawawezi kazi ya kujipima amesahau historia ya mkoa huu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu wa mkoa huohuo wakajifunza kumeza dawa kwa saa, kutunza kadi, kuhesabu vidonge vilivyobaki, kuhudumiana majumbani. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa ili Mtanzania aruhusiwe kujipima mwenyewe virusi vya UKIMWI. Mama wa Murongo anatunza kadi ya kliniki ya mtoto na anaweza kukuonyesha mwezi ambao mstari wa uzito ulishuka. Mtu anayeaminiwa kwa mambo hayo anashindwaje kuaminiwa kwa daftari la mume wake anayetetemeka?

Kinachokosekana ni mtu wa kulipokea. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza juu ya kikohozi na ujauzito, waongeze swali kuhusu mzee anayetetemeka au anayeburuta mguu, wamwonyeshe jinsi ya kuchora mzunguko na kupima mita tatu. Karagwe ina redio ya jamii ya FADECO, iliyoanzishwa na Joseph Sekiku, ambayo wakulima wameizoea. Kipindi kimoja kwa mwezi, daktari akisikilizwa pamoja na mgonjwa, kingepunguza sana habari za kurogwa. Ng'ambo ya mpaka, Hannington Kabugo wa Uganda, ambaye mama yake aliugua Parkinson, alianzisha Parkinson's Si Buko Uganda kupambana na imani kwamba kutetemeka ni adhabu ya kuvunja miiko ya wakwe. Kutoka Murongo kwenda kwao ni karibu kuliko kwenda Dar es Salaam. Wahudumu wetu waende wakajifunze.

Watanzania waliona mikono ya Muhammad Ali ikitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996, na Wakatoliki wa Kanda ya Ziwa waliompokea Papa Yohane Paulo wa Pili Mwanza mwaka 1990 walimwona miaka ya baadaye akiinama na sauti ikififia. Wote wawili walikuwa na Parkinson, na hatukusema kwamba wamerogwa au wamelewa. Mzee wa Kaisho anastahili heshima hiyohiyo.

Nawaomba waganga wakuu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa watoe agizo la mstari mmoja kwa hospitali na vituo vyao: mgonjwa wa kutetemeka akija na daftari, lisomwe, lipigwe picha, liwekwe kwenye faili, na anayemhudumia aandike ndani yake jibu na tarehe ya kurudi. Gharama yake ni dakika tano. Na wewe mwenye mzazi wa namna hii, nunua daftari la kurasa 48 leo, andika jina lake juu, anza na saa ya dawa na saa ya chakula. Ukifika hospitali, liweke mezani likiwa wazi, na uombe kwa adabu lisomwe kabla dawa haijaandikwa.